Kusafisha rekodi ya machapisho ya mtafiti wa ubongo kabla ya kuhesabu h (h-index, kipimo cha makala zako na mara zilivyonukuliwa)

Anza na jina. Kisumu na Maseno akina A. Otieno ni wengi, na Google Scholar, injini ya kutafuta machapisho ya kitaaluma, hukubandikia kwa urahisi makala za mahindi za Otieno mwingine kando ya zako za kifafa. Jisajili ORCID, mfumo wa utambulisho wa watafiti, bure, upate namba yako ya tarakimu 16, kisha uiweke kwenye kila mswada unaotuma jaridani. Amua pia namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe, hata ukiolewa.

Ndani ya Scholar, zima nyongeza za moja kwa moja ili kila makala isubiri idhini yako. Rasimu ya awali na toleo la jarida zikionekana mara mbili, zitie alama zote mbili uziunganishe. Zikibaki mbalimbali, manukuu yako hugawanyika na h huweza kushuka bure.

Sasa hesabu. Kipimo cha h kilipendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni namba kubwa kabisa ambayo una makala h zenye angalau manukuu h kila moja. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, mfano wenye manukuu haya: 41, 22, 15, 9, 6, 5, 3, 0. Ya tano ina manukuu 6, inatosha. Ya sita ina 5, haifiki. Kwa hiyo h ni 5. Manukuu 41 ya makala ya kwanza hayakuongezei h hata yakifika 400, kwa hiyo itaje makala hiyo kivyake kwenye wasifu.

Scopus, hifadhidata nyingine ya machapisho, kwa kawaida itakupa namba ndogo zaidi, kwani huhesabu machapisho iliyoyachagua tu. Scholar huchukua hata tasnifu. Andika chanzo na tarehe kando ya namba.