Kutafuta latitudo na longitudo kwa zawali na kwa nyota: mwongozo kutoka Nungwi

Anayefuata nyakati za sala hapa Unguja anajua kwamba zawali, yaani jua kupinduka kutoka kati ya mbingu, haiji saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba hufika karibu saa sita na dakika 7, na katikati ya Februari husogea hadi karibu saa sita na dakika 37. Sababu ni mbili: saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya 45° mashariki, nasi tuko magharibi yake, tena jua lenyewe haliendi sawasawa na saa mwaka mzima. Mtu akiijua sababu ya pili kutoka kwenye almanaki, yaani kitabu cha mahali pa jua na nyota kwa kila siku, kinachobaki ni longitudo yake. Kivuli cha wakati huohuo humpa latitudo. Nimewafundisha vijana wa vyombo vya baharini kazi hii kwa miaka mingi, na ninaieleza hapa kwa mfano wa Nungwi tarehe 21 Juni.

Hatua ya kwanza ni kuandaa mahali. Tafuta sakafu ya saruji iliyo bapa na uihakikishe kwa pimamaji. Simamisha fimbo, na juu yake ulaze kipande cha bati chenye tundu la milimita 3, tundu hilo likae sentimita 100 kamili kutoka sakafuni. Pitisha uzi wa timazi katika tundu na utie alama pale timazi linapogusa chini, kwa sababu vipimo vyote vitaanzia kwenye alama hiyo na si kwenye shina la fimbo. Kwa hiyo fimbo ikiegama kidogo si neno. Usipime ncha ya kivuli cha fimbo tupu. Jua si nukta, na ukingo wa kivuli chake umefifia, hivyo anayefuata sehemu nyeusi tu hupima ukingo wa juu wa jua badala ya kitovu chake na kukosea dakika 16 za digrii, ambazo ni karibu kilomita 30 ardhini. Tundu la bati hutupa doa la mwanga la duara, lenye upana wa sentimita moja na kitu, nawe utapima katikati ya doa hilo.

Hatua ya pili ni kuchora duara tatu kuzunguka alama ya timazi, za nusu kipenyo cha sentimita 70, 80 na 90. Moja ingetosha, lakini wakati wa kusi wingu linaweza kukunyima duara moja asubuhi au alasiri, na siku yote ikapotea.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi hii, na ndiyo inayokosewa zaidi. Wanafunzi wengi hutaka kuvizia zawali yenyewe, wakikodolea macho kivuli mpaka waone kimefika ufupi wake wa mwisho, na hilo haliwezekani kwa usahihi, kwa kuwa karibu na zawali urefu wa kivuli hukaa dakika kadhaa bila badiliko linaloonekana. Acha kuivizia. Andika saa, dakika na sekunde pale kitovu cha doa kinapoingia ndani ya duara asubuhi, kisha pale kinapotoka katika duara lilelile mchana. Zawali iko katikati ya nyakati hizo mbili. Katika duara la sentimita 80, doa liliingia saa 4:40:40 na kutoka saa 8:08:40. Jumla ni 12:49:20, nusu yake ni saa 6:24:40. Ukiunga pia alama mbili ulizotia mahali doa lilipovuka duara, mstari utakaotoka alama ya timazi hadi katikati ya hizo mbili ni kusini na kaskazini ya kweli, isiyotegemea dira.

Hatua ya nne ni longitudo. Tarehe 21 Juni jua liko nyuma ya saa kwa dakika 1 na sekunde 50, basi ziondoe: inabaki 6:22:50. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika 4 za saa, hivyo dakika 22 na sekunde 50 ni 5°42′ na nusu. Ondoa katika 45° na utapata 39°17′ na nusu mashariki. Ihakiki saa yako kabla ya kuanza. Siku moja nilitumia simu iliyochelewa dakika 2 nami sikujua. Hesabu yangu ilitoka safi kabisa, na ikaniweka karibu kilomita 55 mashariki, katika longitudo ya Chake Chake, ilhali nimesimama Nungwi.

Hatua ya tano ni latitudo. Pima umbali mfupi kuliko wote kutoka alama ya timazi hadi kitovu cha doa. Mimi nilipata sentimita 55.8, gawanya kwa 100, kisha kikokotoo kitakupa pembe ambayo tanjenti yake ni 0.558, yaani 29°10′. Huo ni umbali wa jua kutoka utosini. Siku hiyo jua liko 23°26′ kaskazini ya ikweta, nasi tuko upande wa pili, kwa hiyo ondoa: 5°44′ kusini. Doa likiangukia kaskazini ya alama, kama Desemba, jua liko kusini yetu. Hapo chukua umbali wa jua kusini ya ikweta na uondoe umbali wake kutoka utosini. Kosa la milimita moja ni karibu kilomita 5. Wiki ya kwanza ya Machi na karibu tarehe 8 Oktoba jua hupita utosini kwetu na doa huangukia karibu kabisa na alama, basi angalia vyema limeelemea upande gani.

Usiku zinabaki nyota. Katika dira ya zamani ya Waswahili kaskazini ni jaa, jina la nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo kwetu imezama chini ya upeo wa macho. Kusini ni suheli, na Suheli, yaani Canopus, tunaiona vizuri. Chonga nusu duara ya ubao yenye nusu kipenyo cha sentimita 50, igawe kwa digrii, funga mrija wa kulengea na uning'inize timazi. Karibu tarehe 10 Februari nyota ya Capella hufika kileleni upande wa kaskazini kiasi cha saa 2 na robo usiku, na Suheli hufuata upande wa kusini baada ya saa moja na kidogo. Pima zote mbili, kila moja mpaka iache kupanda.

Tuseme kimo cha Suheli, yaani pembe yake kutoka upeo wa macho, kimesomeka 43°25′. Ukikiondoa katika 90°, umbali wake kutoka utosini ni 46°35′. Nyota hiyo iko 52°42′ kusini ya ikweta, hivyo latitudo ni 6°07′. Capella imesomeka 38°40′, yaani 51°20′ kutoka utosini; iko 46°01′ kaskazini ya ikweta, hivyo latitudo ni 5°19′. Majibu yametofautiana kwa sababu ubao unazidisha kila kimo, na ziada hiyo hukusukuma kusini kwa nyota moja na kaskazini kwa nyingine. Wastani wake ni 5°43′.