Asubuhi ya wanyamapori mtaani Nairobi: jinsi ya kuiandaa, hatua kwa hatua

Mwezi jana mama mmoja wa Umoja alinipigia simu. Kikundi chao cha majirani kilitaka kuwapeleka watoto wa mtaa wakaone wanyama, na karibu pesa zote walizochanga zilikuwa zinaenda kukodi basi la mbugani. Nikamwambia, "Mama, hilo basi lirudishe kwanza." Tukazungumza hadi simu ikapata moto, na Jumamosi ilipofika nikaenda kumsaidia. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyosahau kumwambia yakatugharimu siku hiyohiyo.

Sina ubaya na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Iko pale tangu 1946, ina kilomita za mraba 117, na simba wake wanaota jua huku maghorofa ya mjini yanaonekana nyuma yao. Lakini mtoto aliyemwona simba mara moja kupitia dirisha la basi hana la kufanya kesho yake. Aliyemjua kwera anayefuma kiota kwenye mti ulio nyuma ya ploti yao anaye wa kumwangalia kila asubuhi akielekea shule.

Hatua ya 1: Mahali

Chagua pahali ambapo watoto watafika kwa miguu au kwa matatu moja. Uwanja wa shule wenye miti unatosha. Ukitaka kutoka mtaani, Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, ni nzuri: ilianzishwa 1907, ni hekta 30 hivi, kwa hiyo mtoto hapotei mbali. City Park pia, ila kima wa pale wamezoea chakula cha watu. Mkate ukiwa mkononi si wako tena. Msitu wa Karura ni zaidi ya hekta 1,000. Huko ndiko Wangari Maathai na wenzake walipopigwa wakiutetea msitu usinyakuliwe mwishoni mwa miaka ya 1990, na kisa hicho kinataka siku yake. Iweke iwe safari ya tatu.

Wiki moja kabla, pita njia hiyo peke yako, saa ileile mtakayopita na watoto. Tafuta vitu vitano visivyohama: viota vya kwera, mti wanaolala korongo, tundu kwenye shina, mzinga wa nyuki (utakaopita mbali nao), kichuguu. Ndege anaweza kukuangusha siku hiyo. Kichuguu hakiendi popote.

Hatua ya 2: Ruhusa

Barua kwa mwenye eneo, chifu apate nakala, kila mzazi atie sahihi. Kwenye karatasi ya mzazi ongeza mstari wa picha, maana sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa mambo ya mtoto. Asiyekubali, mtoto wake aje hivyohivyo, asipigwe picha.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini tano kwa watoto ishirini zinatosha. Zinunue au ziazime zenye namba 8x42, au 8x32 kwa mikono midogo. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Utaambiwa dukani kwamba 10 ni bora kuliko 8. Kwa mtu mzima aliyezoea, labda. Mkononi mwa mtoto wa miaka tisa, 10 inatikisika kama matatu ya barabara mbovu. Zile ndogo za plastiki za kuchezea usizikaribishe kabisa, zinawafundisha watoto kwamba hakuna kitu cha kuona.

Walio chini ya miaka sita, macho yao yamekaribiana kuliko darubini nyingi zinavyoweza kukunjwa. Wape ile karatasi ngumu inayobaki toilet paper ikiisha. Haivuti kitu karibu, lakini inawafunza kulenga, nao wanajivunia sana.

Hatua ya 4: Kumfanya mtoto amwone ndege

Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi nzima, kwa hiyo nivumilie.

Mara yangu ya kwanza niligawa darubini, nikawaonyesha kunguru juu ya nguzo ya stima, nikauliza, "Mmeona?" Wote wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Tukaendelea hivyo karibu saa mbili. Tulipokuwa tunarudi, kijana mmoja mdogo akanivuta shati: "Mimi nimeona giza." Nikawauliza wengine mmoja mmoja. Giza. Giza. Ukungu. Kope zangu. Kunguru wawili. Watoto wetu wamefunzwa kumwitikia mwalimu, hawakufunzwa kumwambia kwamba hawaoni. Tangu siku hiyo siulizi "mmeona?" Nauliza, "Mdomo wake una rangi gani?"

Sasa mpangilio ni huu. Mkanda uingie shingoni kabla ya kitu kingine chochote. Halafu upana: kunja darubini katikati polepole mpaka mtoto aone duara moja. Yule anayeona giza au kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mchanga pembeni, mara nyingi ni upana huu haujamkaa, au vikombe vya macho havijakaa sawa. Mwenye miwani abaki nayo na vikombe vikunjwe chini. Asiye na miwani, vivutwe juu.

Halafu kuna ile pete. Darubini nyingi zina gurudumu la katikati, ambalo kila mtu analijua, na pete ndogo kwenye jicho la kulia, ambayo hakuna anayeijua. Pete hiyo inasawazisha macho mawili ya mtu mmoja. Watoto wanaizungusha kwa sababu inazunguka. Darubini zangu mbili zilirudi jicho moja likiwa na ukungu, nikadhani zimeangushwa. Nikazipeleka kwa fundi mjini, nikakaa kwenye benchi mchana kutwa, akazifungua, akazifunga, nikalipa, ukungu ukabaki palepale. Usiku nikiwa nimekaa nazo mezani ndipo nikaona pete imezungushwa hadi mwisho.

Kuirekebisha: ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama bango la mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yasomeke. Sasa ziba ya kushoto, tazama bango lilelile kwa jicho la kulia, na safari hii uguse pete tu. Ukimaliza, weka nukta ya rangi ya kucha mahali pete iliposimama, kisha uibandike kwa selotepu. Mtoto mmoja mmoja mwenye macho yanayotofautiana sana ataona ukungu hata hivyo. Mwondolee selotepu umrekebishie, halafu urudi kwenye nukta. Na ukigundua mtoto haoni bango hata bila darubini, mwambie mzazi wake kwa faragha. Mimi imenitokea.

Kisha mazoezi, na msianze na ndege. Anzeni na bango la duka. Sheria ni moja: macho yashike kitu kwanza, yasibanduke, darubini ndiyo iyafuate machoni. Mtoto anayeinua darubini kwanza ndipo aanze kutafuta atatazama mawingu mpaka shingo iume. Mazoezi haya ni dakika ishirini na usiyafupishe. Na kabla ya yote, hakuna kuelekeza darubini kwenye jua, hata kwa mzaha.

Bado kuna kuelekeza. Waongozaji wengi wanatumia mbinu ya saa: uuchukulie mti kama uso wa saa, useme ndege yuko saa ngapi. Kwa Kiswahili mbinu hiyo ni balaa. Nilisema, "Kurumbiza huyo, saa tatu!" Nusu ya watoto wakatazama kulia, nusu kushoto. Waliotazama kulia walifuata 3 iliyoandikwa. Wa kushoto walikuwa na haki yao, maana ikiwa saa tatu asubuhi mshale mfupi uko kwenye 9. Nikasema basi, saa sita, nikazidi kuharibu: wengine kileleni, wengine kwenye mizizi. Kurumbiza hakutusubiri.

Siku hizi naanzia kwenye kitu kisichoweza kukosewa. "Mnaona pale tawi lilipokatwa? Pandeni. Tawi la pili, mkono wa kuandikia. Nendeni mpaka majani yaanze." Ukiwa na mtoto wa mkono wa kushoto hilo nalo litakuletea kesi, lakini ni kesi ndogo. Kalamu za leza sizitaki, kwa ajili ya macho ya ndege na ya watoto pia. Na usicheze sauti ya ndege iliyorekodiwa kwenye simu ili ajitokeze. Anadhani amevamiwa, anaacha kazi yake aje kupigana na simu yako.

Hatua ya 5: La kusema

Usije na hotuba. Marabu peke yake, yule korongo mfuko-shingo wa majalalani, anatosha nusu saa. Waulize kwa nini hana manyoya kichwani (anaingiza kichwa ndani ya mizoga), kisha kwa nini miguu yake ni myeupe. Jibu la pili ni kwamba anajinyea miguuni ili apoe. Hapo umeshinda, hakuna mtoto atakayesahau.

Kwa bundi na kinyonga nenda taratibu, kwa sababu pana wazee. Bibi mmoja alinieleza mbele ya watoto wote kwamba bundi akilia juu ya paa pana msiba. Usimcheke na usimkatize. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, na sisi tumesikia hivyo. Panya wa pale kwenu wanaliwa na nani?" Akafikiri. Tukaingia kwenye habari ya sumu ya panya, kwamba bundi akila panya aliyelishwa sumu naye anakufa, na bibi ndiye aliyeongea zaidi kuanzia hapo. Kinyonga wa pembe tatu ukimpata kwenye ua, waambie huyu hatagi mayai, anazaa watoto hai. Asishikwe, na asibebwe nyumbani: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kumfuga mnyama wa porini.

Usikie kila jina kwa lugha za nyumbani kwao kabla hujatoa la Kiswahili. Asiyelijua akamuulize nyanyake. Hiyo ndiyo kazi ya ziada pekee ninayotoa.

Hatua ya 6: Chai na mandazi

Mwisho wa matembezi, kamwe si mwanzo.

Hatua ya 7: Daftari

Daftari moja la kikundi, kalamu ya penseli, tarehe, mahali, mlichoona na wangapi. Jioni mtu mzima mmoja aingize orodha ya ndege kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya iliyo mtandaoni, kwa programu ya simu ya BirdLasser, ili hesabu ya watoto isiishie kabatini. Sipendi watoto washike simu wakati wa kutembea. Simu ikitoka, shingo zinainama.

Mkiona mnataka kuendelea, mwalimu wa shule ya karibu anaweza kuwaunganisha na Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanzishwa na wanafunzi 1968. Na wewe mwongozaji, kabla ya kufundisha watu, tembea mara mbili tatu na Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira ambalo mizizi yake ni ya 1909; matembezi yao ya ndege ya Jumatano asubuhi ndiyo yaliyonifunza kunyamaza.

Hatua ya 8: Kufunga

Hesabu watoto, kisha darubini, kwa mpangilio huo. Lenzi zipulizwe vumbi kwanza, ndipo zifutwe kwa kitambaa laini. Vumbi letu likisuguliwa na fulana linachora lenzi. Kama kulikuwa na manyunyu, ziache wazi sebuleni usiku mmoja kabla ya kuzirudisha mfukoni, la sivyo kuvu wataota ndani. Mfukoni weka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Muuza viatu atakupa bure, huwa anavitupa.