SOMO: Programu ya kujifunzia inayomfuata mtu mzima

Swali la "Nianzie wapi kuunda programu inayojirekebisha kumfuata anayejifunza?" nimelijibu mara nyingi mno. Basi nalijibu hapa kwa wote.

1. Vunja somo liwe stadi ndogondogo; onyesha ipi hutangulia ipi.

2. Anapoingia mpime kwa maswali machache. Akipatia mpandishe, akikosa mshushe.

3. Kadiria anachojua. Swali la machaguo 4 hubahatishwa mara 1 kati ya 4. Kama ulikadiria uwezekano wa 40% kwamba stadi anaijua, na anayejua huteleza mara 1 kati ya 10, akipatia mpandishe hadi 71% hivi. Si 100%.

4. Marudio. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitumia visanduku vya Leitner, njia ya kupanga kadi za maswali ya marudio: ukipatia, kadi inasogea kisanduku cha mbele na kukawia kurudi, ukikosa, inarudi cha kwanza. Vinamfaa anayesoma kila siku, lakini mtu mzima ana zamu, ana watoto. Mmoja wa waliojaribu aliuguza wiki 3. Aliporudi akakuta namba nyekundu: kadi 412. Akafunga, sikumwona tena. Kwa hiyo weka kikomo, 20 kwa siku. Tanguliza kadi zinazobeba stadi nyingine. USIMWONYESHE DENI. Wala usimrudishe mwanzo: aliyesahau hujifunza upya haraka kuliko mgeni, mwanasaikolojia Ebbinghaus alilipima hilo 1885.

5. Weka kitufe cha "hii naijua".

MASWALI

— Mkuu naomba programu nzima ninakili.
Sina. Hatua ya 1 inategemea somo lako, na somo lako hujalitaja.

— Mbona hujawagawa watu wanaojifunza kwa kuona na wanaojifunza kwa kusikia?
Nimeacha makusudi. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa mgawanyo huo kunasaidia.

— Kikomo cha 20 nimekielewa, ila zinazosubiri si atazidi kuzisahau?
Swali zuri sana. Baadhi atazisahau, ndiyo. Simamisha kadi mpya mpaka foleni ipungue. Na kuna faida imejificha humo: kadi iliyopangiwa siku 8 ikakaa 29, naye bado akaikumbuka, hesabu muda unaofuata kutoka 29. Ameshathibitisha kwamba anaweza.

— Nyongeza kwa ambao intaneti hukatika: hifadhini saa aliyojibu, si saa majibu yalipofika kwenye seva. Mimi ratiba nzima ilivurugika.
Asante, hili sikuliandika na ni la lazima. Naliingiza hatua ya 4.