Kuifufua Boti ya Zamani ya Alumini ya Ziwani

Boti ya alumini iliyolala mchangani kwa miaka kadhaa hudanganya macho. Moja huonekana imechoka, imebonyea na kufifia rangi, kumbe bati lake ni zima. Nyingine inang'aa ubavuni ilhali imelika chini ya sakafu, mahali ambapo tope na maji ya ngama, yaani yale yanayotuama ndani chini ya boti, yamekaa bila kuguswa. Kwa hiyo, kabla hujanunua rangi au kumwita fundi wa kulehemu, ng'oa sakafu, viti na kila kitu kinachofunika mataruma (mbavu za boti), kisha osha mpaka uione metali yenyewe. Maelezo haya yanahusu boti ndogo za mita 4 hadi 6, zilizoungwa kwa ribiti (pini za metali zinazopondwa mkiani ili zibane bati) na kusukumwa na mashine ya kupachika nyuma, zinazotumika katika maji baridi kama ya Ziwa Victoria.

Alumini haishiki kutu kama chuma kwa sababu, inapokutana na hewa, hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Mahali ambapo utando huo huharibika na kukosa nafasi ya kujijenga upya, kama vile chini ya ubao uliolowa au pembeni mwa bolti ya metali nyingine, bati huanza kulika, nawe utaona unga mweupe na vishimo vidogo. Vikwarue vishimo hivyo kwa brashi ya chuma cha pua. Vikiwa vya juu juu, epoksi ya kujazia hutosha. Bati likiwa limelika hadi kubonyea kwa kidole, kata sehemu hiyo na uweke kiraka, kwa kuwa hakuna rangi itakayolirudishia nguvu.

Ili kujua boti inavuja wapi, ipandishe juu ya trela au magogo yaliyoubeba mkuku (uti wa chini wa boti) vizuri, uijaze maji kidogo kidogo kwa ndani, kisha upite chini yake ukitia alama kila panapotoka tone. Usiijaze hadi juu: lita 300 za maji ni kilo 300, na boti iliyozoea kubebwa na maji kwa nje haikuundwa kubeba uzito huo ikiwa nchi kavu. Alama zitiwe kwa chaki, wala si kwa penseli, kwa kuwa grafiti iliyomo katika penseli huila alumini inapolowa.

Mara nyingi mvujo hutoka kwenye ribiti zilizolegea, na hapa ndipo ninapomsihi mwenye boti asiwe na haraka. Ribiti hukazwa na watu wawili: mmoja anakandamiza kipande kizito cha chuma juu ya kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine anagonga mkia wake kwa ndani kwa nyundo ndogo, mapigo machache yaliyopimwa, mpaka ikae. Iliyochakaa itobolewe, na mahali pake iingie ribiti mpya ya alumini iliyo nene zaidi kidogo. Ribiti za kuvuta kwa mkono ambazo zimezoeleka madukani zina tundu katikati linalopitisha maji, na nyingine huacha kipande cha chuma ndani yake ambacho baadaye hushika kutu. Ikiwa huwezi kuufikia upande wa ndani, tafuta zile zilizozibwa mwisho, uzichovye katika gundi ya poliyurethani kabla ya kuzikaza. Silikoni ya madirisha usiitumie. Rangi haishiki juu yake, na ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayochokoza bati.

Kulehemu kuachwe kwa nyufa na viraka vikubwa, tena kwa fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni aliyezoea alumini. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selisiasi, ilhali utando wake wa oksidi huhitaji zaidi ya 2,000, kwa hiyo fundi asiyeukwarua kwanza atatoboa bati kabla ya kuliunganisha. Tangi la mafuta na povu la kuelea vitolewe kabla ya moto kuwashwa, na moto wenyewe ukae mbali na safu za ribiti, maana joto huzilegeza.

Ubao wa nyuma unaobeba mashine karibu daima huwa umeoza. Utoe mzima uwe kielelezo, kisha gundisha vipande viwili vya plaiwudi ya majini vya milimita 18, ikiwa unene wa awali ulikuwa milimita 36. Kingo zote zipakwe epoksi, na matundu ya bolti yatobolewe makubwa, yajazwe epoksi, ndipo yatobolewe tena kwa kipimo chake, ili maji yasipate mlango wa kuingia ndani ya mbao. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zisikaribie boti kabisa. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji, inayolika ni alumini, na kwa sababu hiyohiyo rangi za kuzuia mwani zenye shaba hazifai hapa. Bolti za chuma cha pua zinakubalika, lakini ziwekewe washa za nailoni na gundi ili metali hizo mbili zisigusane.

Povu lililo chini ya viti likiwa zito kwa maji, litupe na uweke jipya lisilonyonya. Uzito wa alumini ni takriban mara 2.7 ya maji, hivyo boti iliyojaa wimbi bila povu huzama moja kwa moja.

Kabla ya kupaka rangi, piga msasa, osha mafuta yote, kisha paka rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini siku hiyohiyo, kabla ya oksidi kuwa nene tena. Ndani ya boti si lazima kupaka.

Kwenye mashine, fungua rafadha (panga linalosukuma boti) kwanza. Ziwani kuna nyavu na mishipi ya nailoni iliyotupwa, nayo hujisokota kwenye shafti na kukata sili ya mafuta, yaani mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Badilisha oili hiyo kila baada ya saa 100 za kazi, na impela (kigurudumu cha mapezi) ya pampu ya maji kila mwaka. Kwa mashine za viharusi viwili zinazotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1, tia mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Anodi, vipande vya metali vinavyofungwa ili vilike badala ya boti na mashine, ziwe za magnesi kwa maji baridi. Za zinki ni za bahari.

Lipo jambo linalowahusu zaidi walio karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita: usipakie zebaki katika boti ya alumini. Tone moja likipenya kwenye mkwaruzo huivunja kinga ya oksidi na kuendelea kulila bati. Saruji mbichi na majivu yaliyolowa nayo ni maadui, kwa hiyo baada ya kubeba mizigo ya namna hiyo, osha mara moja. Waya hasi wa betri nao urudi kwenye betri yenyewe, usifungwe kwenye bati la boti.

Boti ikiwa tayari, usiirudishie sakafu kwanza. Kwa upande wa Tanzania, maliza ukaguzi na leseni ya TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), vaa jaketi okozi, uiendeshe karibu na ufuko kwa nusu saa ukitazama kila alama uliyoitia, kisha uifunge gatini usiku mmoja. Asubuhi pima maji ya ngama kabla hujayakumba. Yakiwa kikombe kimoja, rudisha sakafu. Yakiwa ndoo, irudi juu ya magogo.