Jinsi ya Kuandika Uliyoyaona Ugenini: Kwa Mhadhiri Anayerejea Mlimani

Mhadhiri akirejea Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya muhula mmoja nje ya nchi, huombwa awasimulie wenzake aliyoyaona, na mara nyingi anachowapa ni orodha ya maajabu: treni, baridi, usafi wa barabara. Wasikilizaji hutikisa vichwa, kisha hurudi kwenye foleni ya Ubungo bila kuongeza chochote katika ujuzi wao. Maelekezo haya ni ya anayetaka kuandika kitu cha manufaa zaidi. Mifano nimeitoa Ujerumani, nilikofundisha Kiswahili nikiwa mhadhiri mgeni kwa muhula wa majira ya baridi.

Anza na daftari, tena kabla ya kuondoka. Jaza ukurasa mmoja wa unayoyatarajia, kwa sababu baada ya miezi miwili utaapa kwamba ulijua yote tangu mwanzo. Ukifika, kila dokezo liwe na tarehe na mahali. Mwezi Disemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi Juni, saa tatu usiku bado halijazama. Sisi wa Dar es Salaam, ambao jua letu huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, ni rahisi kusahau kwamba wageni wawili waliofika mji mmoja katika miezi tofauti wataeleza watu wawili tofauti: mmoja atasema wenyeji hujifungia ndani, mwingine atasema hushinda bustanini.

Kazi inayostahili muda wako mwingi ni kulichunguza ajabu kabla ya kulitolea hukumu. Ratiba yangu ilisema kipindi ni saa nne asubuhi. Nilifika mapema, nikakuta chumba kitupu, nikaandika, kwa furaha ninayoionea haya sasa, kwamba kumbe hata Wajerumani huchelewa. Wanafunzi waliingia kwa pamoja karibu na saa nne na robo, bila yeyote kuomba radhi. Juma zima lilipita kabla sijamuuliza mwenyeji wangu, naye akanionyesha herufi mbili nilizozipuuza kwenye ratiba: c.t., ufupisho wa maneno ya Kilatini cum tempore, yaani kipindi huanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa; kinachoanza saa kamili huandikwa s.t. Hakuna aliyechelewa. Mwisho wa kipindi kile walizigonga meza kwa vifundo vya vidole, nikadhani wananifukuza, kumbe ndiyo makofi yao ya chuoni. Basi kila sentensi ya mshangao iulizie kwa wenyeji wawili, na mmoja wao asiwe msomi. Mimi msafishaji wa jengo alinifundisha mengi kuliko idara.

Halafu jiulize kama ajabu hilo halipo nyumbani. Nilitaka kuandika aya ndefu juu ya senti 25 za yuro ambazo mnunuzi hutoza­­­­wa kwa chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji, kisha hurudishiwa akiipeleka chupa tupu kwenye mashine ya dukani. Nikakumbuka duka la jirani yetu mtaani Sinza, ambako huondoki na soda ya chupa ya kioo usipoacha chupa tupu au pesa yake. Aya ikageuka swali: kwa nini kwetu utaratibu huo umeishia kwenye kioo, ilhali plastiki ndiyo inayoziba mitaro yetu kila masika?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyelala hotelini siku nne za kongamano bado yuko katika zile siku mbili, na aseme hivyo waziwazi. Aliyejiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, akatenganisha taka zake na kukosa mkate Jumapili kwa kuwa maduka yamefungwa, ana haki ya kusema zaidi kidogo.

Unapohariri, kila ulipoandika "Wajerumani" weka wale hasa uliokutana nao: wanafunzi wako kumi na wanne, jirani wa ghorofa ya pili, kondakta wa treni. Sentensi isiyovumilia badiliko hilo ifute. Majina ya wenyeji usiyataje, isipokuwa wamekuruhusu. Kisha mpelekee rasimu Mtanzania aliyeishi huko muda mrefu kuliko wewe, na alama za kuuliza atakazoweka pembeni uzijibu zote kabla hujamkabidhi mhariri.