Kusomea uchoraji wa kiufundi chuo cha jamii: nilivyopita mimi, Houston

Kabla sijaja Houston nilichomelea mageti Tanga miaka sita. Kwa hiyo nilipoanza kusomea uchoraji wa kiufundi kwenye chuo cha jamii, nilishajua mchoro mbaya unavyomtesa fundi: umekata, umechomelea, umepiga na rangi, halafu geti halikai kwenye nguzo. Ndugu wengi huku wananiuliza waanzie wapi, nami nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Chuo cha jamii ni cha umma, cha miaka miwili, na hakidai alama za juu. Lete cheti cha kumaliza sekondari. Huenda ukapewa pia mtihani mfupi wa hesabu na Kiingereza wa kukupanga darasa. Ada hufuata unapoishi. Hapa Texas mkazi wa wilaya ya chuo hulipa kidogo, wa nje ya wilaya hulipa zaidi, na wa nje ya jimbo zaidi ya wote. Ili uhesabiwe mkazi wa jimbo unatakiwa uwe umeishi miezi 12, basi tunza mkataba wa nyumba na bili za umeme. Mwenye green card ajaze FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada. Ni bure, usimlipe mtu akujazie.

Utachagua kati ya cheti na digrii ya miaka miwili, ambayo ni kama krediti 60, yaani pointi za masomo unayofaulu. Mimi nilianza na cheti kwa sababu usiku nilikuwa na zamu ghalani. Kama una ndoto ya uinjinia, mwulize mshauri wa masomo siku ile ile ya kwanza: chuo kikuu kitazipokea krediti hizi? Digrii za ufundi za miaka miwili mara nyingi hazipokelewi zote.

Sasa somo lenyewe. Wengi wanakimbilia kompyuta. Mimi nasema nunua kwanza penseli ya 2H, ya HB, kifutio na daftari la mirabamiraba, kwa sababu kinachokusumbua mwanzoni ni kuona kitu kichwani.

Na ukitoka kwetu kuna jambo litakunasa. Mtazamo ni mchoro wa kitu kinavyoonekana kutoka upande mmoja. Mimi nilizoea kuweka mtazamo wa juu chini ya mtazamo wa mbele. Marekani mtazamo wa juu hukaa juu ya wa mbele, na wa kulia hukaa kulia. Zoezi langu la kwanza lilikuwa kipande cha chuma chenye umbo la L na tundu moja. Mistari yote ilikuwa safi, ila mitazamo niliipanga kama nilivyozoea. Mwalimu akazungushia duara alama ndogo ya kwenye kona ya karatasi, ile koni iliyokatwa ncha na miduara miwili kando yake, inayoonyesha mitazamo imepangwa kwa mtindo gani, akaniambia: fundi akiusoma mchoro huu, tundu litatoboka upande usio wake. Tangu siku hiyo nikipewa mchoro wowote naanza na alama hiyo. Ili kuzoea, chukua kiberiti, andika namba kila upande, kisha fikiria kiberiti hicho kipo ndani ya sanduku la kioo. Unachokiona kupitia kila kioo kichore juu ya kioo hicho, halafu likunjue sanduku lilale kwenye karatasi.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa naomba utulie. Tuseme bamba lina matundu manne kwa mstari, na kila kipimo kinaruhusiwa kukosea 1/16 ya inchi. Ukipima kutoka ukingo hadi tundu la kwanza, la kwanza hadi la pili, na kuendelea hivyo, makosa yanajumlika: tundu la nne linaweza kuhama robo inchi nzima. Vipime vyote kutoka ukingo mmoja na kila tundu litabaki na 1/16 yake. Robo inchi kwenye bawaba ni geti lisilofunga. Nimeyachomoa mageti ya namna hiyo kwa grenda, juani, mwenye nyumba amesimama pembeni.

Ukifika kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, mkono wa kushoto ukae kwenye kibodi na wa kulia kwenye mausi. L ni mstari, O ni kunakili mstari sambamba kwa umbali unaoutaka, TR ni kukata kilichozidi, F8 huufanya mstari uende wima au mlalo tu. Chora kila kitu kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa futi 12 na inchi 6 uandike 12'6. Skeli huja mwishoni, kwenye ukurasa wa kuchapia; robo inchi kwa futi ni 1:48. Kuta, milango na vipimo kila kimoja kiwe na leya yake, yaani tabaka lake ndani ya mchoro. Ila usichore kitu kwenye leya iitwayo Defpoints, maana haichapwi. Niliwahi kukabidhi ramani ya nyumba isiyo na mlango hata mmoja, na kwenye skrini yote ilikuwapo.

Kompyuta iwe ya Windows, kwa sababu Revit na SolidWorks, programu nyingine za kuchorea, hazikutengenezewa Mac. AutoCAD yenyewe usinunue: Autodesk, kampuni inayoitengeneza, huwapa wanafunzi bure kwa mwaka, na unaihuisha maadamu bado unasoma.

Houston ni mji wa mafuta na kemikali, kwa hiyo ukipata darasa la kuchora mabomba kwa mtazamo wa nyuzi 30, ambapo pande tatu za kitu huonekana kwa pamoja, lichukue.

Kuanzia muhula wa pili weka kando michoro yako bora, mitano inatosha, iliyochapwa kwenye karatasi ya inchi 11 kwa 17. Mmoja uwe wa kitu ulichokipima mwenyewe kwa tepu. Wangu ulikuwa geti la futi 10, na kwenye usaili wa kazi huo ndio waliouliza muda mrefu kuliko yote, hasa pale kwenye bawaba.