Somo: Mafuta ya nazi, rimoti na dawa inayofunguliwa kwa mwanga

Juzi mtu aliniuliza dawa ya saratani inawezaje "kuwashwa" kwa taa. Nikaeleza, nikaona nampoteza. Leo tufanye kwa mikono: tochi, rimoti ya tivii, simu na mafuta ya nazi. Sisi wa Mbeya mwezi wa saba hatuhitaji friji, mafuta yanaganda yenyewe kabatini.

Hatua ya 1. Usiku, taa zimezimwa, bana tochi kwenye kiganja. Mwanga wake ni mweupe, lakini upande wa pili unatoka wekundu tu. Rangi nyingine zimemezwa njiani, sana sana na damu.

Hatua ya 2. Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza. Utaona kitaa kinamulika, ambacho jicho tupu halikioni. Hiyo ni infraredi. Ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hadi 900 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hupenya nyama vizuri kwa sababu damu na maji huinyonya kidogo. (Rimoti nyingi ziko kwenye 940 hivi. Ni jirani tu, haitibu mtu.)

Hatua ya 3. Hapa msiharakishe. Chukua vifuniko viwili vyeupe, kimoja kipake masizi ya sufuria. Weka mafuta yaliyoganda kwenye vyote, anika jua la asubuhi. Cheusi kitayeyusha kwanza.

Sasa badala ya masizi, weka vijiti vya dhahabu vya makumi machache ya nanomita. Vinanyonya infraredi na kuigeuza joto. Badala ya mafuta ya nazi, weka vifuko vya mafuta, yaani liposomu, vyenye dawa ndani, vilivyotengenezwa vilegee kwenye nyuzi 41 au 42. Mwili uko 37. Daktari akimulika uvimbe, vya hapo vinafunguka, vya kwingine vinabaki vimefungwa. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani, inaweza kuumiza moyo, ndiyo maana tunataka imwagike kwenye uvimbe tu.

Hatua ya 4. Dhahabu hiyohiyo inapiga picha. Ukiimulika kwa mapigo mafupi ya leza, inapasha joto pale ilipo, panatanuka, panatoa sauti, na kifaa cha ultrasaundi kinaidaka. Unaona kwanza chembe zimefika wapi, ndipo unamulika.

MASWALI

Mdau wa Uyole: Shikamoo mwalimu. Uvimbe ukiwa ndani kabisa?
— Marahaba. Umegusa penye udhaifu. Mwanga huu unafifia ndani ya sentimita chache. Kwenye jaribio la Marekani lililochapishwa 2019, wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume, leza ilipelekwa ndani kwa nyuzi nyembamba za kupitisha mwanga. Tena pale hapakuwa na dawa, ni dhahabu na joto peke yake.

Binti Rungwe: Chembe zinajuaje uvimbe ulipo?
— Hazijui. Mishipa ya uvimbe mara nyingi inavuja, zinapenya hapo. Nyingi huishia kwenye ini na bandama.

Mama wa Tukuyu: Mwalimu, dada yangu ana kivimbe kwenye titi. Tuisubiri hii?
— Hapana mama, msisubiri. Hii bado iko kwenye utafiti. Mpelekeni wiki hii hospitali ya rufaa, akapimwe. Matibabu yaliyopo yanafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi.

Kijana wa Mwanjelwa: Kwangu cheupe kimeyeyusha kwanza!
— Ulikiweka wapi?
— Juu ya bati. Cheusi kiko dirishani.
— Viweke vyote juu ya bati, urudie.